Watu wa Nyota Hawana Masikio

Walimketisha safu ya mbele, kwenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na hapo ndipo Mwongeli alipoanza kushuku kuwa pana jambo. Mjane wa Mutomo, mfuga mbuzi, mtu ambaye kanisani kwao huketi karibu na mlango ili awahi kutoka, hapewi kiti chenye kitambaa na watu wa Emali bure bure. Alikaa hata hivyo. Miguu ilikuwa imemvimba kwa safari, hema la kanisa lilikuwa na kivuli kizuri, na siku hii alikuwa ameingoja tangu ujana wake.

Alikuja kuitazama Ndata ya Yatta ikiigizwa jukwaani. Ndata ni nyota kwa Kikamba, na Ndata ya Yatta ni kanda ya kaseti iliyotoka miaka michache baada ya ile njaa ya themanini na nne. Ilipigwa madukani, harusini na matangani, tangu Kyuso mpaka Kibwezi, na watu wazima waliojaa chini ya hema mchana ule waliijua kwa moyo kama wanavyoijua njia ya kwenda kisimani.

Kanda nzima ni hadithi moja. Nyota inaanguka juu ya uwanda wa Yatta. Wanatoka watu warefu wenye macho, pua na vinywa, ila masikio hawana. Wanateremsha mrija wao mpaka Mto Athi na kuunyonya hadi mamba wanabaki wakigaagaa kwenye matope. Chifu anawasomea sheria. Diwani anawahutubia. Mhubiri anawaombea hadi koo linamkauka. Hawasikii. Watasikia na nini? Mpaka bibi mmoja anayetwanga mahindi anagundua kwamba kila mchi ukigonga kinu, wale watu wanaruka kama waliokanyaga makaa. Kumbe wanasikia kwa nyayo! Basi akina mama wanatoa ngoma za kilumi, ile ngoma ya wanawake wazee ya kuombea mvua na kutuliza pepo, wanapiga mpaka ardhi inatetemeka, na wageni wanaukwea mrija wao mbio mbio. Maji waliyoiba yanarudi yakiwa mvua.

Hapo kwenye kilumi magitaa yote hunyamaza. Hubaki ngoma moja ndefu yenye mkoromo kama wa mtu aliyelala chali, maana ubavuni ilikuwa na ufa. Anayeijua kanda anaujua mkoromo ule. Nao ulitoka chini ya viganja vya Mwongeli.

Ngoma ilikuwa ya nyanya yake. Kisilu, mwenye bendi, Mungu amrehemu, alikuja Mutomo kumbembeleza bibi huyo aende Nairobi kurekodi, bibi akakataa katakata kupanda basi, akamtuma mjukuu. Mwongeli akapiga, akarudi nyumbani, na kanda ilipotoka jalada likaandikwa "pamoja na akina mama wa Kitui." Akina mama! Alikuwa msichana wa miaka ishirini, hajaolewa, na alipiga peke yake. Hilo lilimkera, lakini ni kero ndogo ukiilinganisha na iliyofuata.

Alipochumbiwa na Nthiwa, mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa kanisa, wazee wa kanisa walisema hawamfungishi ndoa mpiga kilumi. Achome ngoma kwanza, mbele ya watu, ndipo avae shela. Mhubiri aliyeletwa kuusimamia moto huo alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti kubwa, jina lake Ndolo.

Mwongeli alilia mpaka macho yakavimba. Nyanya alikuwa ameshakufa na ngoma ndiyo kitu pekee alichomwachia. Aliyemwokoa ni kaka yake Mutisya, mfuga nyuki. Mzinga wa Mkamba ni gogo lililochimbwa ndani, na gogo lililochimbwa ndani ukilivika ngozi ya mbuzi ni ngoma tosha kwa macho ya mtu aliyeikataza ngoma kabla ya kuigusa. Mutisya akachukua mzinga mkuukuu uliohamwa na nyuki, akauvika ngozi, na huo ndio uliotiwa moto. Ngoma yenyewe aliiziba kwa mbao na nta, akaitundika juu ya mti wa mgunga katikati ya mizinga yake. Nani atapanda kuchungulia penye nyuki?

Mzinga uliwaka vizuri. Nta iliyobaki ndani ikayeyuka, na uwanja wa kanisa ukanukia asali pembe zote. Ndolo akaanguka magotini. Akalia kwamba Mungu ameigeuza harufu ya shetani kuwa manukato, kwamba toba ya binti huyu imepokelewa mbinguni, na watu wakalia pamoja naye. Mwongeli pia alitoa machozi, ya kujizuia kucheka.

Kicheko hicho kilikuja kumtokea puani. Ndolo aliushika muujiza wa harufu ya asali kama fimbo ya kutembelea. Aliuhubiri Mutomo, akauhubiri Kitui, akauhubiri redioni, akapanda nao ngazi mpaka akawa askofu mwenye hema, spika na gari jeupe huko Emali. Na kila alipousimulia aliutia chumvi. Mwanzo mwanamke wa kilumi alikuwa mpiga ngoma tu. Baadaye akawa mganga. Mwisho akawa na pepo lililokuwa likiua mbuzi wa majirani. Jina hakulitaja, lakini Mutomo ni mji mdogo, kila mtu alijua. Kuna mama aliyemvuta mtoto wake mkono kisimani asisimame karibu naye. Na Mwongeli angesema nini? Kusema ni kukiri kwamba aliwadanganya watu mbele ya madhabahu ili aolewe. Nthiwa aliishi naye na kufa bila kuijua siri hiyo. Mutisya akafa pia. Ikabaki siri ya mtu mmoja na mti, na hasira ya kumeza kila Jumapili.

Ndipo akatokea Nzomo, kijana anayeongoza maigizo ya vijana wa kanisa la Emali, akaja hadi Mutomo akiulizia ngoma ya zamani.

"Mwaitu," alimwambia, akimwita mama kama kijana wa Kikamba anavyopaswa, "tunafanya Ndata ya Yatta yote, mwanzo mpaka mwisho. Lakini hii ngoma imenishinda. Nikiweka jerikeni hapo watu watanicheka mpaka nihame Emali."

"Yote? Hata kilumi, chini ya hema ya askofu?"

"Hata kilumi."

Mwongeli hakulala vizuri siku hiyo. Kesho yake alimtafuta mrina asali, mgunga ukapandwa, ngoma ikashuka. Ngozi ilikuwa imekauka lakini haikuchanika, na ufa ulikuwa palepale. Alimkabidhi Nzomo akasema ni ya jirani aliyehamia Mombasa. Angesemaje tena? Ile ya kwake kila mtu alijua imekuwa majivu. Lakini moyoni alifurahi kama mtoto. Sauti yake ingesikika tena mbele ya watu, mikononi mwa msichana fulani, na yeye angeketi tu na kusikiliza bila mtu kumwekea mkono kichwani kumwombea.

Ndivyo alivyofika hapo kwenye kiti chenye kitambaa.

Kando yake alikaa mwanamke wa makamo mwenye mtandio wa kijani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo Emali. Alijitambulisha kuwa ni Shamis.

"Hiyo mrija unaona pale, mama, ni mpira ya maji kutoka kwa duka yangu," alisema, akionyesha bomba jeusi lililoning'inia kutoka juu ya hema. "Ndio maana wameniketisha na wakubwa. Mimi nimekulia Kyuso, babangu alikuwa anauza ng'ombe. Hii kanda ilikuwa inalia kwa duka yetu asubuhi mpaka jioni. Kikamba yangu yote nimetoa huko."

Onyesho likaanza, na kusema kweli lilianza vizuri. Bendi ya vijana iliyapiga magitaa ya Kisilu bila kuharibu. Nyota ilianguka kwa kishindo cha mabati, watoto wakapiga mayowe. Watu wa nyota wakatoka wamejifunga magunia yaliyopakwa rangi ya fedha, na mahali pa masikio wamebandika vifuniko vya sufuria. Diwani alipowahutubia kwa ahadi zake, hema zima liliimba maneno naye, na Shamis akayaimba kwa Kikamba safi kuliko waliomzunguka. Mwongeli alijikuta akipiga paja. Kwa muda mrefu hakuwa mjane wala mwanamke wa kilumi, alikuwa mtu anayefurahia kitu anachokipenda.

Bibi akatwanga. Watu wa nyota wakaruka. Magitaa yakanyamaza. Mwongeli akasogea mbele kitini.

Kinanda kikalia.

Kinanda! Wasichana wa kwaya wakaingia wamevaa majoho ya zambarau, mikono juu, wakaanza pambio. Watu wa nyota wakayumba, wakashika vichwa, wakaanguka mmoja mmoja kwa nguvu ya uimbaji.

"Sasa hii ni nini?" Shamis akasema kwa sauti. "Si hawana masikio hawa? Wimbo wanaskia na nini?"

Nyuma mtu akacheka, mwingine akaguna, na mnong'ono ukazunguka hema. Mwongeli hakucheka. Damu ilimpanda kichwani akasikia masikio yake mwenyewe yakivuma. Aliinuka nusu, akamwona Nzomo amesimama pembeni mwa jukwaa, akamwita kwa kidole. Nzomo akaja ameinama, macho chini.

"Kilumi iko wapi?"

"Mwaitu, imetolewa. Nilipigana, nakuambia ukweli. Lakini hema ni ya askofu, spika ni ya askofu, hata hiyo stima ni ya askofu."

"Na ulishindwa kunipigia simu?"

"Niliona aibu."

"Aibu! Unaogopa aibu na huogopi kunitoa Mutomo mpaka huku kuja kutazama upuzi?"

Kabla hajajibiwa, askofu mwenyewe alikuwa ameshapanda jukwaani. Ndolo alikuwa amenenepa, mvi zimemjaa, lakini ile sauti ilikuwa ileile. Vijana wawili nyuma yake walikuwa wameibeba ngoma. Wakaisimamisha juu ya rundo la kuni lililopangwa kwenye bati katikati ya jukwaa, na wa tatu akaja na kibuyu cha mafuta ya taa.

Mwongeli aliyaona hayo yote na bado akili yake ikakataa kuelewa.

"Wapendwa," Ndolo akasema kwenye maiki, "hii kanda ilikuwa na mwisho mbaya. Ilitufundisha tukipata shida tukimbilie ngoma za mababu. Leo tumeipatia mwisho mzuri. Watu wa Yatta wameokoka! Na mtu akiokoka anafanya nini na ngoma? Si anachoma?" Akasimulia harufu ya asali. Alisimulia yote, mwanamke, pepo, mbuzi waliokufa, na safari hii akaongeza na mtoto aliyepona homa. Kisha akanyoosha mkono kwenye viti vyenye vitambaa. "Miaka yote sijamtaja. Leo nitamtaja, kwa sababu yuko hapa. Dada Mwongeli! Na mjue ni yeye ametuletea hii ngoma ya jirani yake, ili hiyo nayo iende moto. Aliyechoma ya kwanza, achome ya pili. Dada, njoo."

Watu wakapiga makofi. Mtu akamshika Mwongeli kiwiko, akasukumwa taratibu hadi jukwaani, na kiganjani akawekewa kiberiti.

Kwa hiyo hili ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Wameitoa sauti yake kwenye hadithi, sasa wanataka aimalizie kwa mikono yake. Alikiangalia kiberiti. Alifikiria kusema kwamba jirani ameitaka ngoma yake irudi, lakini alijua jibu la Ndolo kabla hajalisikia: jirani naye aokoke. Uongo wa zamani ulikuwa umeiokoa ngoma mara moja. Leo uongo huohuo ndio uliokuwa ukiipeleka motoni. Mafuta ya taa yalikuwa yameshaanza kudondoka kwenye kuni, karibu na ngozi.

"Weka hiyo chini," akamwambia kijana wa kibuyu. Kijana akasita, akamtazama askofu. "Nimesema weka chini!"

Akaunyakua mkono wa Ndolo pamoja na maiki.

"Hii ngoma si ya jirani. Ni yangu. Ni ile ya kwa kanda."

Ndolo akacheka kidogo, kile kicheko cha kumpoza mtu mzima mbele za watu. "Dada, ile tulichoma. Nilikuwa hapo."

"Ulichoma mzinga."

Nje, malori ya barabara ya Mombasa yalisikika yakibadilisha gia.

"Ulichoma mzinga wa nyuki, wa kaka yangu Mutisya, umevikwa ngozi ya mbuzi. Nilidanganya, ndio. Nilikuwa nataka kuolewa na mlinifungia mlango. Lakini sijawahi kuwa na pepo. Sijaua mbuzi wa mtu. Mimi mwenyewe ni mfuga mbuzi! Nimekaa karibu na mlango miaka hiyo yote nikisikia mtu akijenga jina na jina langu, na jina lenyewe hata halisemi. Leo umelisema, basi lisikie vizuri. Mwongeli wa Mutomo ndiye alipiga kilumi kwa Ndata ya Yatta. Si akina mama. Ni mimi."

"Mama huyu amechoka na safari," Ndolo akasema bila maiki, akiwaashiria vijana wake. "Msaidieni ashuke."

"Mwache apige!" Shamis alikuwa amesimama juu ya kiti chake cheupe, kitambaa chini ya viatu. "Ile ngoma inakoroma, kila mtu hapa anajua! Apige tusikie kama ni uongo!"

"Apige!" ikaitikia safu ya nyuma, na baada yake safu nyingine, wanaume kwa wanawake, watu waliolala na kanda hiyo chini ya mto.

Ni Nzomo aliyemletea kiti. Aliiteremsha ngoma kutoka kwenye kuni, akaipangusa mafuta kwa shati lake, na Mwongeli akaiweka kati ya mapaja yake mbele ya askofu na kwaya. Aliipiga kwa hasira, kama anayempiga mtu kofi.

Ikakoroma.

Ukelele uliotoka chini ya hema haukuwa wa makofi. Ulikuwa wa watu waliokutana na ndugu waliyemzika. Mwongeli hakuinua macho. Alipiga mwanzo, taratibu, kama nyanya alivyomwekea mkono juu ya mkono, kisha akaingia ndani yake, na mbao za jukwaa zikaanza kuruka chini ya miguu ya kila aliyekuwa juu yake. Kijana mmoja wa magunia ya fedha, aliyekuwa amelala chini akijifanya ameuawa na pambio, akaruka juu ghafla akishika nyayo zake. Wa pili akaruka. Halafu wote, vifuniko vya sufuria vikianguka na kuviringika, wakakimbilia bomba la Shamis wakiparamiana, kama kanda inavyosema, kama kila mtoto wa huko alivyowahi kuigiza nyuma ya nyumba. Mpiga kinanda alikizima mwenyewe. Majoho ya zambarau yalisimama, halafu bega moja likatikisika, na jingine.

Alipomaliza, hakungoja kupongezwa. Aliibeba ngoma begani akashuka. Watu walimpisha njia, wengine wakiigusa ngozi kwa ncha za vidole. Nzomo alifungua mdomo kusema kitu, akaonyeshwa kiganja. Hasira ilikuwa bado haijaisha na hakuona kwa nini aiharakishe.

Nje, kando ya gari jeupe, Ndolo alimfuata peke yake, bila maiki na bila vijana. Alikuwa akitweta. Mwongeli alikaza mguu, tayari kwa laana, kwa kutengwa, kwa lolote.

Lakini mzee huyo hakutaja uongo wala ndoa. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta kitu alichokuwa nacho sasa hivi.

"Dada Mwongeli," akauliza polepole. "Na ile harufu? Mimi nilinusa. Nilinusa na hii pua."

Mwongeli alijaribu kumwonea huruma, huruma ikakataa kuja.

"Ilikuwa nta, Pasta," akasema. "Nta ya nyuki."